Jina la Kumi na Nane

Hivi wewe msomaji, umewahi kumwona mtu aliyekufa mwaka 1917 akila mihogo ya kuchoma?

Bi Kazija alimwona, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: amesimama njia panda ya Mingoyo, kikapu mkononi, macho yamemtoka. Mbele yake mwanamume wa makamo amechuchumaa kando ya jiko, anapuliza kipande cha muhogo kisimuunguze. Pua ile ile. Kovu lile lile juu ya nyusi ya kulia. Ndiye mpagazi wa tatu kutoka kushoto kwenye picha ya Faustino, picha iliyotundikwa ukumbini Lindi na maneno haya chini yake: "Wapagazi wa vita, Mahiwa, 1917. Hakuna aliyerudi."

Huyu alikuwa amerudi. Na alikuwa anaomba aongezewe pilipili.

"Shikamoo bibi," marehemu akasema alipoona anakodolewa macho.

"Marahaba mwanangu. Unaitwa nani?"

"Hussen. Nanunua korosho hapa. Una mzigo?"

"Sina korosho. Nina swali. Picha ya wapagazi iliyoko Lindi, wewe umo?"

Hussen akaacha kutafuna. Kisha akacheka mpaka akajishikia goti.

Kama hukulipata gazeti wiki zile, shika haya machache. Lindi wanachonga jiwe la kumbukumbu ya wapagazi, wazee wetu waliokamatwa kubeba mizigo katika vita ya Mjerumani na Mwingereza wasionekane tena. Jiwe lina nafasi ya majina kumi na nane. Kumi na saba yameshapita. La kumi na nane linagombewa na watu wawili: Bi Kazija, anayemtaka babu yake Likwata, na Faustino mfanyabiashara wa ufuta, anayemtaka babu yake Benjamini.

Sharti la kamati ni moja. Kila jina liwe na picha ya kweli ya enzi hizo. Mkaguzi ni Mwalimu Bonaventura, mstaafu, mwenye kioo cha kukuzia alichokifunga kamba shingoni kama filimbi ya refa. Picha ya Faustino kaipitisha. Ya Bi Kazija kaikataa. Na siku hiyo ya Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya fundi kuchonga.

"Ulikuwa mchezo, bibi," Hussen akaeleza, anajifuta machozi ya kicheko. "Mwaka ule vita ilipotimiza miaka mia, walikuja watu wa Dar na kamera zao. Wakatuokota kumi na wawili, wakatuvisha magunia, wakatubebesha masanduku matupu. Mimi nilikufa mara nne, maana mara tatu za mwanzo nilipiga chafya."

"Na picha ikazeeka vipi?"

"Chai ya rangi. Walizichapa bila rangi, wakazichovya kwenye sufuria la chai, wakazianika juani. Zilikwenda Kilwa kuuzwa kwa wageni wanaovuka kwenda Kisiwani kutazama magofu." Akamtazama vizuri. "Lakini bibi, si wewe ndiye uliyetuchora nembo usoni siku ile, mfano wa chale za wazee? Masizi na mafuta ya nyonyo. Niliwashwa siku mbili."

"Hilo liache," Bi Kazija akasema haraka. "Twende Lindi ukaseme habari ya chai."

Ndiyo, msomaji. Bi Kazija alijua tangu siku ya kwanza kwamba picha ile ni ya mchezo. Alimwambia Mwalimu Bonaventura, na Mwalimu akamjibu kwa upole, "Habari za mchezo huo nilizisikia, Bi Kazija. Ndiyo maana nakagua karatasi. Una uthibitisho gani?" Uthibitisho alikuwa nao. Ulimi ndio uliomgomea. Kwa nini uligoma, utajua kabla hujalikunja gazeti.

Sasa Mungu alikuwa amempa uthibitisho mwingine, tena unaotembea na kutafuna mihogo.

"Hayo tu?" Hussen akasema, anakung'uta suruali. "Twende. Sijawahi kwenda mahali kuthibitisha kwamba sijafa."

Wakapanda bodaboda moja wote wawili, Hussen katikati, Bi Kazija nyuma amekaa upande, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu, kwenye kitambaa cha kitenge, imo picha yake iliyokataliwa.

Nikwambie habari ya picha hiyo, maana ndiyo roho ya mambo yote. Padri mmoja wa huko ndani aliipiga siku wapagazi walipopita kijijini. Vita ilipokwisha akampa mke wa Likwata, akamwambia, "Mumeo ni huyu." Hawakupata mwili, hawakupata kaburi. Walipata karatasi ile. Baba yake Bi Kazija alikuwa na miaka minne, akamjua baba yake kwa karatasi. Mchwa walipoanza kuila pembeni, mwaka 1974, mzee aliichukua mpaka kwa mpiga picha wa Lindi mjini, akaomba ipigwe picha ile picha. Ya kale ikaoza. Ikabaki hii mpya, na mhuri wa mpiga picha nyuma: 1974.

Mhuri huo ndio uliomuua Likwata mara ya pili.

Ukumbini walikuta watu wamejaa, familia kumi na saba zimekaa kwa safu. Nje, chini ya bati, fundi Alex alikuwa na jiwe lake na mashine ya kukatia, inalia mpaka meno yanauma. Kila mtu alizungumza kwa kupaza sauti.

"Karibu Bi Kazija," Mwalimu Bonaventura akasema, si kwa ubaya. Hana ubaya mtu yule, na hilo ndilo lililokuwa linamchosha zaidi Bi Kazija. "Bado unahangaika na mhuri?"

"Mwalimu, achana na mhuri. Shika kioo chako utazame picha ya Faustino. Bega la kulia, mtu wa kwanza. Kuna nini?"

Mwalimu akainama. "Kovu dogo. Mviringo."

"Wa pili?"

"Kovu."

"Wote kumi na wawili wanalo, bega lile lile. Ni chanjo ya kliniki, Mwalimu, ile wanayochomwa watoto. Hata wewe unayo. Mwaka 1917 kliniki ilikuwa wapi?"

Ukumbi ukanong'ona. Stella, katibu wa kamati, akajikuta amejishika bega lake.

Mwalimu Bonaventura akanyoosha mgongo polepole, akatabasamu. "Swali zuri sana. Wajerumani walichanja watu ndui, mikononi. Imo vitabuni. Kovu la chanjo haliwezi kuikataa picha. Lakini karatasi haidanganyi, mama. Itazame hii ya Faustino, ilivyogeuka kahawia, ilivyoliwa kona. Halafu yako, nyeupe kama kitambulisho."

"Nyeupe kwa sababu ilipigwa upya."

"Ndivyo unavyosema."

"Ndivyo ilivyo."

"Hilo siwezi kulikagua kwa kioo."

Mashine ikalia nje. Bi Kazija akavuta pumzi. Mtu akikupinga kwa hasira unaweza kumjibu kwa hasira, lakini huyu anakupinga kama anakufundisha kusoma. Akageuka mlangoni.

"Hussen, ingia."

Hussen akaingia kwa madaha, kifua mbele. Akapita safu ya tano, ya nne, ya tatu. Watu walipomwona uso wake na kuutazama ukuta, minong'ono ikageuka kelele. Mtu mmoja akasimama juu ya kiti alinganishe vizuri.

"Huyu hapa ndiye mpagazi wa tatu," Bi Kazija akasema. "Hakufa Mahiwa. Amekula mihogo asubuhi. Waambie, mwanangu."

Hussen akafungua kinywa. Jicho lake likaangukia safu ya mbele, kwa bibi mwembamba mwenye kanga ya njano, aliyekuwa ameikaza kanga mdomoni na kuitumbulia macho ile picha.

Hussen akafumba kinywa. Akavua kofia, akaivaa tena mpaka puani, akasogea kando ya ukuta kama mtu anayepisha gari.

Bibi yule alikuwa Bi Warda, mama mkwe wake. Jina la babu yake Bi Warda ni la saba kwenye jiwe.

"Sema, mwanangu," Bi Kazija akamhimiza.

"Mimi... watu hufanana, bibi."

"Unasemaje?"

"Nasema watu hufanana."

Hapo Faustino akanyanyuka. Mtu wa biashara haachi mzigo ukalala njiani. Akatembea na mikono miwili wazi, akamkumbatia Hussen mbele ya kamati nzima.

"Anafanana kwa sababu ni damu yetu," akatangaza. "Mnaona, ndugu zangu? Babu Benjamini kaacha uso wake duniani. Bi Kazija, Mungu akubariki, umeniletea ndugu yangu. Si ndiyo, ndugu yangu?"

Hussen akatazama sakafu. "Huenda," akasema.

"Andika hilo, Stella," Mwalimu Bonaventura akasema. "Kufanana kwa ukoo. Ni nyongeza."

Stella akaandika. Kisha akatoka na karatasi ndogo mpaka kwa fundi Alex. Mashine ikanyamaza kidogo, ikaanza tena, safari hii kwa mlio mwembamba, mlio wa herufi.

Bi Kazija hakumngoja mtu. Alimshika Hussen kiwiko, akamtoa mpaka barazani.

"Umenifanya nini?"

"Bibi, nisamehe. Yule ni mama mkwe wangu."

"Namjua Warda. Mama mkwe wako amehusika nini na vita ya Mjerumani?"

Hussen akajikuna shingo. "Siku ile ya mchezo ilikuwa arobaini ya mume wake. Baba mkwe wangu mwenyewe, bibi. Nilituma salamu kwamba nimelala Likawage kwa homa, siwezi kuinuka. Watu wakaniombea dua. Kumbe niko Mahiwa, najifanya maiti. Miaka yote hii ananiuliza homa ile ilikuwa ya namna gani. Nitasimamaje mbele yake niseme?"

"Kwa ajili ya homa ya uongo babu yangu akose jina?"

"Ni aibu, bibi."

"Aibu ya mtu mzima mwenye watoto. Ungesema neno moja tu, Hussen. Neno moja, mambo yakaisha. Baba yangu alikufa ameishika picha ile. Aliniambia, mwanangu, siku moja atakuja mtu kuuliza majina, usimpite. Amekuja mtu, na wewe unavaa kofia puani."

Hussen akaigusa kofia yake. Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama: "Na wewe je? Wewe ndiye uliyetuchora. Mbona wewe husemi?"

Bi Kazija akakikumbatia kikapu chake. Mlio mwembamba wa herufi ukaendelea nyuma yao.

Msomaji, kuna maneno mwanamke wa makamo yake hayasemi mbele ya wanaume. Unyagoni huyasema, na akitoka huko hufunga kinywa. Bi Kazija alikuwa amefunga kinywa kwa miaka minane. Alikifunga pia katika vikao vyote vitano vya kamati, na kila alipoulizwa anataka nini, alijibu jibu lile lile la adabu: "Mtakavyoona wenyewe."

Akarudi ndani. Hakukaa.

"Mwalimu, nembo zile za kwenye nyuso nimezichora mimi."

Mwalimu Bonaventura akavua miwani. "Ulizichora?"

"Siku ya mchezo. Mkubwa wao aliniambia, mama, wachore nembo za wazee wa kale. Wazee wenye nembo walikuwa wameshakwisha. Nembo niliyoijua kwa ukaribu ilikuwa moja tu, kwa sababu niliiosha kila asubuhi kwa miaka minne." Akakiweka kikapu sakafuni. "Bibi yangu alipolala kitandani, mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Mke wa Likwata. Mistari ile ya pembe pembe, na katikati kama mnazi wenye makuti matatu. Ilikuwa tumboni mwake, chini ya kitovu. Alichanjwa chale akiwa mwali, kwa ajili ya macho ya mume mmoja."

Akanyoosha kidole kwenye picha ya ukutani.

"Nikaichukua ya tumboni mwa bibi yangu nikaiweka usoni kwa wanaume kumi na wawili. Sikujua nyingine, na niliona haya kusema sijui. Sasa mnaitundika ukutani mnasema wapagazi."

"Bi Kazija," Faustino akasema, "maneno ya tumboni nani atayathibitisha?"

"Mimi."

Sauti ilitoka chini ya kanga ya njano. Bi Warda akaiachia kanga, na wote wakaona kwamba alikuwa ameikaza mdomoni kuzuia kicheko.

"Mimi ninayo," Bi Warda akasema. "Sitawaonyesha, msinyooshe shingo. Tangu asubuhi naitazama picha hiyo najiuliza, macho yangu ndiyo mabovu au wanaume hawa wamevaa matumbo usoni? Mwanamume wa zamani angechorwa vile angekimbilia porini. Leteni ile picha nyingine."

Bi Kazija akafungua kitenge. Bi Warda akaisogeza picha mbali, kisha karibu, kisha akaweka ukucha juu ya uso mmoja.

"Hizi ndizo za wanaume. Mistari mitatu kila shavu, na mmoja wa pua. Babu yangu alikuwa nazo hivi hivi. Mpiga picha wa mwaka huo wa mhuri angezitoa wapi nyuso hizi?" Akairudisha. Kisha, bila kugeuka nyuma: "Na wewe mkwe, simama vizuri acha kujificha. Homa ya Likawage imepona?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hussen akavua kofia.

"Nilikuwa Mahiwa, mama," akasema. "Mpagazi wa tatu ni mimi. Picha waliichovya kwenye chai."

"Nilijua wiki ile ile. Nilikuwa nangoja useme."

Mwalimu Bonaventura alikuwa ameinama juu ya picha ya Bi Kazija. Akaiinamia kwa muda mrefu. Kioo chake kilipita shavu hadi shavu, bega hadi bega. Hakukuwa na kovu la kliniki hata moja.

"Karatasi niliitazama vizuri," akasema mwishowe. "Watu sikuwatazama."

Faustino akakaa. Mikono aliyoitandaza kwa kumbatio ilikuwa sasa katikati ya magoti.

"Niliinunua Kilwa," akasema, na sauti yake haikuwa ya biashara tena. "Chai sikujua, naapa. Nilijua tu kwamba babu yangu hayumo. Lakini alikwenda kweli. Benjamini alikwenda, akabebeshwa, hakurudi. Hakupita padri kijijini kwetu. Sasa mtu asiye na picha hakuwa na babu?"

Sharti lilikuwa la kamati, na kamati ilikuwa inatazama meza.

"Bi Kazija," Mwalimu akasema, "tumekukosea. Unataka tufanyeje?"

Watu walikuwa wameshalizoea jibu. Stella alikuwa ameshaanza kuliandika.

Nje, mashine ikanyamaza.

Fundi Alex akachungulia mlangoni, kope nyeupe kwa vumbi la mawe. Hakuwa amesikia hata neno moja. "Samahani wazee. Hili jina la mwisho, Benjamini, nimefika kwenye J. Niendelee?"

"Futa," Mwalimu Bonaventura akasema.

"Jiwe halifutiki, Mwalimu. Nikilisugua litabaki shimo."

"Mbele hakuna nafasi nyingine?"

"Hakuna hata ya nukta."

"Nyuma je?"

"Nyuma kupo kweupe. Lakini linaegemezwa ukutani. Upande mmoja tu ndio utaonekana."

Wote wakageuka kumtazama Bi Kazija. Nyuma yake zilikaa familia kumi na saba, majina yao yameshachongwa na kung'arishwa, na Bi Warda mwenye jina la saba yumo. Walimngoja yule mama mpole awasaidie kumaliza shughuli, waende kula.

Bi Kazija akakikunja kitenge juu ya picha, pembe baada ya pembe, mpaka ikafungika.

"Ligeuze jiwe," akamwambia fundi. "Majina yote uyachonge upya huko nyuma, herufi uzipunguze yaenee kumi na tisa. Uanze na Likwata. Benjamini amfuate, ana picha au hana. Mara hii sitaki mnavyoona nyinyi. Nataka ninavyotaka mimi."